Funzo la kutayarisha mjadala: Umeme wa inchi uwe mali ya nani?



Kwa mjadala wa mwezi huu tumechagua ulizo lenye kugusa kila nyumba: je, Serikali iachie sosiete za watu binafsi kazi ya umeme? Wengi wenu mumekwisha kuchagua upande mbele ya kusoma hata ukurasa mmoja. Huku wanasema «SNEL iuzwe», kule wanajibu «matajiri watatukaba shingo». Basi tufahamu kwanza jambo lenyewe.

Kazi ya umeme ina sehemu tatu: kuutengeneza kwenye mtambo, kuusafirisha kwa nyaya kubwa, na kuugawanya mpaka kwenye kompteri ya nyumba. Inchi inaweza kuachia watu binafsi sehemu moja na kushika zingine. Kwa hiyo mtu akisema tu «tuuze umeme», hajasema anauza nini. Mumuulize.

Tena, hapa Katanga umeme ulianza mikononi mwa sosiete. Mitambo ya Mwadingusha (1930) na Koni kwenye mto Lufira, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba katika miaka ya 1950, ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Union Minière. Ilijengwa vizuri, hakuna wa kukana. Lakini fuateni nyaya zake kwa kidole kwenye karata: zinakwenda kwenye madini, kwenye viwanda, kwenye reli. Kijiji cha njiani kilibaki na kuni. Hata Kilubi, mtambo wetu wa karibu megawati 10, ulijengwa hasa sababu ya baze ya Kamina, si sababu ya mama anayesaga muhogo sokoni.

SNEL iliumbwa 1970, na katika miaka ile ikameza sosiete za zamani. Je, Serikali ilikumbuka kijiji? Hapa tukae kidogo. Inga ya kwanza ilifunguliwa 1972, Inga ya pili 1982. Wakati ule ule ikamalizika njia ya nyaya toka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700, kazi kubwa ambayo inchi iliikopea feza nyingi sana. Na inapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata taa moja! Sababu si roho mbaya tu. Umeme ule ni wa mwendo mmoja, wa volti 500.000, kwa kuushusha mahali fulani, ni lazima kujenga pale kituo cha kuugeuza, na bei yake ni ya kutisha. Njia ilichorwa kwa ajili ya shaba, kama zamani. Ni kusema, mwenye mali alibadilika, lakini mteja mkubwa ni yule yule. Mimi naona hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu.

Sheria ya 17 juni 2014 ilimaliza haki ya SNEL ya kuwa peke yake. Toka hapo sosiete yoyote inaweza kuomba ruhusa. Kule Kivu, watu wa hifazi ya Virunga walifungua mtambo wa Matebe 2015, megawati zaidi ya 13. Lakini katika inchi nzima, bado ni mtu mmoja tu kwa watano mwenye kupata umeme. Sheria inafungua mlango. Haimlazimishi mfanya biashara kuingia pahali wateja hawana feza.

Sasa Uganda, mfano mzuri kwa pande zote mbili. Walivunja shirika la Serikali 2001 wakalifanya matatu, na toka 2005 kazi ya kugawanya ikakodishwa miaka 20 kwa sosiete Umeme. Umeme wenye kupotea njiani ao kuibwa, uliokuwa zaidi ya tatu moja, ulishuka chini ya tano moja. Wateja waliongezeka mara nyingi. Hiyo ni kazi. Lakini mkataba uliahidi faida ya 20 kwa mia kwa mwaka, na watu walilia bei. Machi 2025 mkataba ulipokwisha, Serikali haikuurudisha. Ilirudia kazi yenyewe, ikalipa dola milioni 118, na sosiete ikadai zaidi. Upande wa «ndiyo» usiseme habari ya wateja na kunyamaza juu ya mkataba. Upande wa «hapana» usifanye kinyume.

Kuna njia ya katikati pia. Mwadingusha ilipochakaa, wenye madini ya Kamoa walikopesha feza za kuitengeneza, kazi ikamalizika 2021. Mtambo ulibaki wa SNEL, nao wanarudishiwa deni kwa kupunguziwa fakitire. Ni akili. Ila munaona tena ni nani aliyehudumiwa kwanza.

Kazi ya kufanya mbele ya ijumaa: kila kundi litume watu wawili kwa mwenye kinu cha kusaga, na wawili kwa muuguzi wa materniti. Waulize: siku umeme haupo munatumia nini, na inagharimu franka ngapi? Kisha: mungekubali kulipa ngapi, kama ungekuwapo kila siku? Leteni hesabu zimeandikwa. Asiye na hesabu hatapewa neno.

Mjadala utaanza saa tisa, jua likiwa bado linaangaza salle.