Twiga Watano kwa Faru Mmoja
Kijitabu cha wazazi na walimu wa PP1 na PP2

Mwekee mtoto wa miaka minne sarafu tano za shilingi 1 upande huu, na sarafu moja ya shilingi 10 upande ule, kisha umwulize wapi kuna pesa nyingi. Huenda akaonyesha zile tano. Usimcheke. Amehesabu vipande, na vipande ni vitano kweli. Bado hajajua kwamba kipande kimoja chaweza kuwa na thamani ya vingi, na jambo hilo halimwingii kwa kukariri.

Kenya tuna bahati. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, faru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20. Zile za zamani zenye sura za marais ziweke kando kwanza.

Kuna kikwazo kimoja: shilingi 5 ni ndogo kwa umbo kuliko shilingi 1. Mtoto akifuata macho yake atakosea. Hadithi inasaidia hapo, kwa sababu hata mtoto mdogo anakubali kwamba twiga ni mrefu, lakini faru ana nguvu.

Hadithi ya gogo

Paukwa! Pakawa!

Gogo lilianguka likaziba njia ya mtoni. Twiga akaja, akasukuma, gogo halikutikisika. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne. Alipofika wa tano wakasukuma kwa pamoja, gogo likabiringika. Kesho yake likaanguka jingine, zito kama lile. Faru akaja peke yake, akalisukuma, akaenda zake kunywa maji.

Kila mnyama anapotajwa, mtoto aweke sarafu yake mezani. Mwulize: "Faru mmoja amefanya kazi ya twiga wangapi?" Mwache ahesabu kwa kidole, hata akirudia mara tatu. Siku nyingine gogo liwe la faru wawili au simba mmoja. Tembo asubiri hadi mtoto aweze kuhesabu mpaka 20 bila kuruka.

Kisha yeye ndiye atunge. Akisema twiga watatu wameliondoa gogo la faru, usimkemee. Panga twiga watatu, mwulize wanahitaji wenzao wangapi. Swali hilo ndilo mwanzo wa kujumlisha na kutoa.

Usalama

Osha sarafu kabla ya kuanza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe, na hata mkubwa asiachwe nazo peke yake. Akimeza sarafu, usimtapishe; mpeleke kituo cha afya mara moja.

Dukani

Siku hizi mengi hulipwa kwa simu, na mtoto haoni pesa ikitoka wala chenji ikirudi. Kwa hiyo vitu vidogo vya dukani vilipe kwa sarafu mkiwa pamoja. Mpe tembo mmoja anunue kitu cha shilingi 15, na kabla hajanyoosha mkono mwulize ni mnyama gani atakayerudi. Mwombe mwenye duka amkabidhi mtoto chenji mkononi, na wewe mzazi usimhesabie.