Kumlisha Punda Mzee Anayenenepa Upesi



Malalamiko yanayofikishwa katika vituo vyetu kwenye miteremko ya Mlima Elgon yana sura inayojirudia: punda aliyepumzishwa kazi ameingia katika shamba la shayiri la jirani, au amevuka mto na kushikwa na watu wasiomfahamu, na ugomvi umezuka. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta kwamba mnyama huyo ni mzee na mnene, na kwamba mwenyewe alimfungua kamba kwa nia njema, akisema amebeba mizigo ya kutosha, sasa na ajilie. Somo la toleo hili linamhusu punda huyo. Tunaliandika tukijua kwamba sisi wenyewe tuliwahi kukosea, na kosa letu lilimgharimu mtu mwingine.

Punda jike mmoja aliletwa katika kituo chetu kimoja baada ya kuokotwa upande wetu wa mpaka. Meno yake yalionyesha umri mkubwa na mgongo wake ulikuwa na makovu ya matandiko. Tukamwandika katika kitabu cha kituo, tukapeleka habari kwa wenyeviti wa vijiji na kwa chifu wa upande wa pili, tukangoja. Askari wakampenda. Kila jioni aliletewa pumba kutoka mashine ya kusaga, pamoja na maganda ya viazi na ndizi, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, majani mabichi yalimzunguka kila upande. Baada ya miezi mitatu shingo yake ilikuwa nene kama gogo. Ndipo mmoja wetu, kwa sauti ya mtu anayejua, akaamuru asipewe chochote kwa siku mbili ili apungue. Akafungwa chini ya mti, akapewa maji tu. Siku ya tatu tulipomwekea majani hakuyagusa. Alisimama ameinamisha kichwa, na sisi tukadhani amenuna. Mtaalamu wa mifugo alipofika siku ya nne alikuwa amechelewa, kwa sababu sisi tulichelewa kumwita.

Mwenye punda, mama wa makamo, alifika wiki iliyofuata akiwa na barua ya chifu wake. Tulimkabidhi habari badala ya mnyama. Aliuliza tulimlisha nini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba punda mwenzake aliyebaki nyumbani bado hulia kila alfajiri.

Kilichomuua si njaa kama tunavyoifahamu. Punda ni mnyama wa nchi kavu. Ndugu zake wa mwituni wamesalia hadi leo katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia, mahali ambapo mnyama hutembea siku nzima akitafuta vijiti na majani yaliyokauka. Mwili wake umeumbwa kutoa nguvu katika chakula duni na kuweka akiba ya kila kinachozidi. Mlete mwili huo Elgon wakati wa mvua, umwondolee mzigo wa mahindi uliokuwa ukimla nguvu, umwongezee pumba, naye atajaza mafuta shingoni, mbavuni na pande zote mbili za mkia. Kisha, chakula kikikatika ghafula, mwili huyafungua mafuta hayo yote kwa pamoja na kuyamwaga katika damu. Ini huzidiwa. Mnyama hupoteza hamu ya kula, na kwa kuwa hali, mafuta mengine humwagika zaidi. Punda mnene, mzee, jike, aliyetengwa na mwenzake au aliyesafirishwa mbali, yumo hatarini kuliko wengine wote. Yule wetu alikuwa na mambo hayo yote.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalowaomba mlishike: punda mnene asifungiwe chakula hata kwa siku moja. Anahitaji kutafuna karibu wakati wote wa mchana na sehemu ya usiku. Kinachobadilishwa ni aina ya chakula, na mabadiliko hayo hufanywa polepole, kwa muda wa wiki mbili, ukipunguza hiki huku ukiongeza kile.

Hapa wenyeji wa Kapchorwa, Kween na Bukwo wana neema ambayo wengi hawaitambui. Mabua makavu ya shayiri yanayobaki baada ya kupura ndiyo chakula ambacho wataalamu wa punda hukipendekeza kwanza kwa punda asiye na kazi nzito. Yana nyuzinyuzi nyingi na sukari kidogo, humfanya atafune kwa saa nyingi bila kunenepa. Tumeona mabua hayo yakichomwa moto shambani, na tumeumia moyo. Yakusanyeni yakiwa makavu, myahifadhi mahali pasipovuja, myatupe yakiota ukungu. Asiye na shayiri atumie mabua ya ngano, au mabua ya mahindi yaliyokaushwa vizuri na kukatwakatwa, yakichanganywa na nyasi kavu kidogo.

Kuhusu kiasi, punda mtu mzima asiyefanya kazi hula kwa siku chakula kikavu chenye uzito wa takriban asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wake. Tuchukue punda wa kilo 140: hiyo ni takriban kilo 1.8 hadi 2.5 za chakula kikavu cha mabua na nyasi, zikigawanywa mara tatu au nne. Mizani ya kuning'iniza wanayotumia wanunuzi wa mahindi inatosha kabisa kwa kazi hii; pimeni gunia moja mara moja tu, mkono utazoea. Majani mabichi yahesabiwe pia. Punda aliyefungwa malishoni mchana kutwa wakati wa mvua amekwisha kupata zaidi ya haki yake kabla hamjamletea kitu nyumbani. Afadhali afungwe kwa saa chache mahali palipokwisha kuliwa na ng'ombe, kisha arudishwe kwenye mabua.

Pumba, molasi, mahindi, mkate uliobaki na maganda ya ndizi si chakula cha punda huyu. Tunajua ni vigumu kumnyima mnyama anayekufuata uani, lakini huruma ya namna hiyo ndiyo iliyotuponza. Mahindi yenye ukungu, ambayo baadhi ya watu huwapa wanyama kwa kuwa hayafai tena kwa ugali, ni sumu kwake: huharibu ubongo wa punda na farasi, na aliyedhurika hivyo ni nadra kupona. Maji safi yawepo daima, pamoja na chumvi ya kulamba.

Kuna punda wazee ambao meno yamekwisha. Mtawatambua kwa vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu wanavyodondosha, au kwa kinyesi chenye majani marefu. Hao hata wakiwa wanene hawawezi mabua, kwani mabua yasiyotafunwa huziba utumbo. Wapewe nyasi kavu zilizokatwa fupi na kulowekwa, na mtaalamu ayatazame meno yao.

Sasa, mtajuaje kwamba amenenepa? Msilitazame tumbo. Tumbo la punda mzee huning'inia kwa majani, kwa uzee, na wakati mwingine kwa minyoo. Tumewahi kubishana na mzee mmoja aliyedai punda wake ameshiba ilhali uti wa mgongo ulikuwa umechomoza. Pitisheni kiganja mbavuni bila kukandamiza. Mbavu zikihisika kirahisi chini ya ngozi, hali ni njema. Ikibidi mchimbe kwa vidole, amezidi. Kisha shikeni ukingo wa juu wa shingo, penye manyoya: ukiwa mgumu na mnene, au umeanza kulalia upande mmoja, mafuta yamekaa muda mrefu, na huenda yasiondoke hapo hata mwili mwingine ukipungua. Fungeni kamba kuzunguka kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, mtie fundo panapokutana, mkapime tena kila baada ya wiki mbili. Kamba hiyo haitamwonea mtu haya. Fundo likisogea kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, mnakwenda vizuri; likisogea sana kwa wiki mbili, ongezeni chakula.

Kazi nyepesi humfaa: kumtembeza nusu saa, au kubeba dumu mbili za maji kutoka kisimani. Lakini kwanza shikeni kwato. Unene huleta uvimbe wa ndani ya kwato, na punda huficha maumivu kuliko farasi. Akisita kukanyaga mawe, akisimama ameegemea nyuma, akilala kupita kawaida, au kwato zikiwa na joto, asitembezwe, aitwe mtaalamu. Aitwe pia siku ile ile punda mnene anapokataa chakula. Msingoje kesho kama tulivyongoja sisi.

Mtatuuliza haya yanaihusuje polisi. Punda anayelishwa nyumbani hatoki kwenda kutafuta shayiri ya jirani. Halali nje ya boma, na hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu punda mzee aliyenenepa huenda polepole na wezi wa ngozi wanalijua jambo hilo. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao. Uamuzi huo hauwezi kulinda mnyama aliyeachwa peke yake gizani kando ya mto. Wawili wakifungwa pamoja bomani, hulala wametulia na hula vizuri.

Kwa upande wetu, tangu kifo cha yule punda, tumeongeza mistari mitatu katika maelezo tunayochukua mnyama anapopotea au anapookotwa: umri wake, chakula alichozoea, na kama ana mwenzake. Anayekuja kutoa taarifa, awe wa upande huu au wa ule, afike na majibu ya maswali hayo pamoja na alama za masikio na rangi. Anayemwokota punda asimpe pumba. Amfunge kivulini, ampe nyasi kavu na maji, kisha atupigie simu siku hiyo hiyo.