Mpishi Kaumwa, Usikimbilie Kumkata

Wadogo zangu wenye migahawa, leo tuambizane ukweli. Saa kumi na moja alfajiri, supu iko motoni, unga wa chapati haujakandwa, simu inalia: "Bosi, leo siji, tumbo linanisumbua." Najua neno linalokujia mdomoni: "Basi na leo hulipwi!"

Limeze. Mpishi akishajua kuumwa ni kukatwa, kesho atakuja na kuhara kwake, akande unga, apakue wali, halafu wateja wako wapishane zahanati. Pesa ya siku moja uliyookoa italiwa na jina baya mtaa mzima.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Usishike kichwa, nawe umelindwa. Asipoleta cheti cha daktari, hulazimiki kumlipa.

Sasa kaa na vijana wako wakiwa wazima, mkubaliane. Anayeumwa apige simu mwenyewe, mapema, asitume ujumbe saa tatu wateja wameshajaa. Cheti cha daktari (ED) aje nacho siku ya kurudi. Anayehara au kutapika asiguse chakula mpaka siku mbili zipite tangu apone. Na kila asiyekuja, andika daftarini tarehe na sababu.

Daftari ndilo litakalokuonyesha nani anaumwa kila Jumatatu. Huyo muite pembeni, si mbele ya wenzake. Pengine ana mgonjwa nyumbani, pengine ni pombe; msikilize kwanza, kisha mpe onyo la maandishi ikibidi. Akipotea zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, hilo ni kosa kubwa linaloweza kumwachisha kazi, ila hata hapo hafukuzwi kwa simu. Anaitwa, anajieleza.

Jambo la mwisho: muosha vyombo afundishwe kusukuma chapati, na namba ya deiwaka unayemwamini iwe kwenye simu yako. Biashara inayosimama kwa sababu mtu mmoja kaumwa tumbo, mdogo wangu, tatizo lake si mgonjwa. Ni mpangilio wako, urekebishe.