Taulo Langu, Taulo Lako: Usafi na Mipaka Katika Nyumba ya Pamoja

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye watu wengi na bafu moja. Baba na mama, watoto wa rika tofauti, mdogo wake mama aliyekuja mjini kutafuta kazi, bibi aliyeletwa kutibiwa, na dada wa kazi anayelala na watoto. Nyumba za namna hii zimejaa Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na kila mji wetu, na nyingi zina wapangaji wa vyumba vingine wanaotumia choo hicho hicho. Watu wakibanana kiasi hiki, taulo lililokutwa limelowa, wembe uliotumiwa bila ruhusa au kijana anayenuka kikwapa huweza kuleta kisirani cha mwezi mzima.

Msimamo wetu tunausema mapema: masimango hudhuru afya. Mtu akiitwa mchafu mbele za watu, huficha. Kijana aliyetoka upele mapajani hatamwambia mama yake. Binti ataanika vitambaa vya hedhi chini ya kitanda, mahali pasipofika jua. Bibi anayevujwa na mkojo atajinyima maji ya kunywa ili asiloweshe kitanda. Ugonjwa uliofichwa hivyo ndio unaozunguka nyumba nzima, na unapogundulika umeshawapata watu watano badala ya mmoja.

Vitu ambavyo havigawanywi

Kula sahani moja, kulala mkeka mmoja, mdogo kuvaa kanga ya dada yake: huo ndio undugu wetu na hauna neno. Lakini vipo vitu vichache ambavyo kila mtu, hata mtoto wa miaka 3, anatakiwa awe na vyake: mswaki, taulo, wembe, chanuo, dodoki na nguo za ndani. Kumwambia ndugu yako "huu ni wangu" juu ya mswaki si uchoyo, na anayeambiwa asinune.

Tuanze na wembe, maana ndio hatari zaidi na ndio unaoazimwa kwa wepesi zaidi. Mume ananyoa ndevu asubuhi, shemeji anauchukua mchana, jioni mtu anakatia kucha za mtoto. Damu inayobaki kwenye makali huwa haionekani kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza. Watoto wa siku hizi huchanjwa dhidi ya ugonjwa huu wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini watu wazima wengi walio nyumbani hawakuwahi kuipata chanjo hiyo. Mswaki nao uko karibu na wembe kwa hatari, kwa sababu fizi hutoka damu bila mwenyewe kujua.

Taulo lina shida nyingine. Likikaa na unyevu hubeba fangasi wa ngozi na maambukizi ya macho. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na mikoani, nyumba ambazo watu wote walijifutia taulo moja zilikuwa katika hatari kubwa ya kuugua mmoja baada ya mwingine. Trakoma, ambayo mwisho wake huweza kuwa upofu, hupita njia hizo hizo: vidole, nzi na kitambaa kimoja cha kufutia nyuso za watoto. Wilayani Kongwa, mkoa wa Dodoma, ambako ugonjwa huu umefuatiliwa kwa miaka mingi, ilionekana kwamba watoto waliodumishwa nyuso safi walipata trakoma kali kwa nadra kuliko wenzao.

Taulo si lazima litoke dukani. Kanga kuukuu ikikatwa vipande na kukunjwa pindo inatosha, mradi kila mtu awe na chake, kifuliwe kila wiki na kukaushwa juani. Shona uzi wa rangi tofauti kwenye kila kimoja, na kila mtu awe na msumari wake ukutani. Sabuni ya kuogea haina tatizo mkiichangia, isuuzwe tu na iachwe mahali pakavu. Tunalisema hili kwa sababu kuna nyumba zinazogombana juu ya sabuni na kuacha wembe uzunguke.

Upele, na lawama zinazomwangukia asiye na kosa

Hakuna ugonjwa unaovunja undugu ndani ya nyumba kama upele, na hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo.

Upele huletwa na kidudu kidogo sana ambacho jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huhama mwili kwa mwili watu wakigusana ngozi kwa muda: kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, unyumba wa mke na mume. Anayeoga mara mbili kwa siku anaweza kuupata, kama asiyeoga. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na kinachouchochea zaidi ni msongamano wa watu. Dalili yake kubwa ni muwasho unaozidi usiku, pamoja na vipele katikati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni, kwapani, kwenye makalio na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga hutokea hata kichwani, viganjani na nyayoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo lingezuia ugomvi mwingi kama lingejulikana. Mtu anayeupata upele kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Aliyewahi kuugua zamani huwashwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo anayeanza kujikuna huenda siye aliyeuleta. Dada wa kazi aliyewahi kuugua utotoni anaweza kuupata kwa mtoto wa nyumba anayelala naye, na yeye ndiye akatangulia kujikuna, huku mtoto akionekana mzima. Kumfungashia virago na kumrudisha kwao ni dhuluma, tena haisaidii kitu, maana vidudu vimebaki kwenye ngozi za waliobaki.

Tiba inawezekana, na ina sharti moja kubwa: wote wanaoishi pamoja watibiwe siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Akitibiwa mmoja leo na mwingine wiki ijayo, ugonjwa utazunguka. Dawa inayotumika sana katika zahanati zetu ni ile nyeupe ya kupaka iitwayo BBE. Mtu mzima hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, asisahau katikati ya vidole, chini ya kucha na kitovuni. Kwa watoto hupunguzwa makali, na kipimo chake kitoke kwa mtoa huduma wa afya, kisikadiriwe nyumbani. Siku hiyo hiyo fueni shuka, nguo na mataulo kwa maji ya moto na kuvianika juani. Kisichofulika, kama blanketi zito, kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Kidudu hiki hakiishi zaidi ya siku 2 au 3 kikiwa mbali na ngozi ya mtu.

Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata baada ya vidudu kufa. Wengi hupotea hapo: hupaka dawa kila siku mpaka ngozi inababuka. Rudini zahanati mkaangaliwe upya. Mafuta ya taa, dizeli na dawa ya kuogeshea mifugo visiguse ngozi ya mtu. Na krimu zenye steroidi, zile zinazouzwa kiholela kama za kung'arisha, hutuliza muwasho siku mbili tatu huku ugonjwa wenyewe ukizidi kutambaa.

Kikwapa cha kijana

Mtoto akifikia balehe, tezi za jasho za kwapani na sehemu za siri huanza kazi mpya. Jasho lenyewe likitoka halina harufu kali. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolibadilisha. Ndiyo maana mvulana wa miaka 13 anayeoga vile vile alivyooga mwaka jana ananuka leo, na mwenyewe hajisikii, kwa kuwa pua huizoea harufu ya mwili wake.

Azungumze naye mtu mmoja, faraghani, na awe mtu anayefaa. Kwa kijana wa kiume ni baba, mjomba au kaka mkubwa. Kwa binti ni mama, shangazi, mama mdogo au bibi. Maneno yenyewe ni mepesi: "Mwanangu, kaa hapa. Mwili wako unakua, na jasho la mtu mzima lina harufu. Sisi sote tumepita hapo. Hii sabuni yako na hili taulo lako. Kwapani usugue vizuri asubuhi na jioni, na shati la shule ulifue ukirudi." Basi, yasirudiwe mezani mbele ya dada zake. Kipande cha shabu kilicholoweshwa maji na kupakwa kwapani baada ya kuoga husaidia, na bei yake ni ndogo. Ndimu huchoma ngozi, hasa iliyonyolewa karibuni.

Mambo ya ukweni yana adabu yake. Harufu ya shemeji haimhusu mke wa kaka kuisema. Mume ndiye azungumze na mdogo wake. Na mama mkwe, kwa heshima zote, asikague kitanda wala kapu la nguo chafu la mkwe wake. Chumba cha wanandoa kina wenyewe.

Dada wa kazi naye apewe sabuni yake, taulo lake, pedi zake na saa ya kuoga. Mtu anayeogesha watoto watatu, kufua na kupika, kisha yeye mwenyewe akaachiwa bafu saa tano usiku maji yakiwa yameisha, hastahili kulaumiwa kwa jasho.

Harufu inayotaka tabibu

Si kila harufu huondolewa kwa sabuni. Mdomo unaonuka ingawa mtu anapiga mswaki huenda una jino bovu au fizi zilizooza. Majimaji ya ukeni yenye harufu mbaya ni maambukizi yanayohitaji dawa, na kujiosha ndani kwa sabuni au ndimu huyazidisha. Mwanamke anayevuja mkojo muda wote baada ya uzazi mgumu huenda ana fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekuwa ikitoa tiba hiyo kwa miaka mingi. Wanawake wengi hukaa nayo kwa sababu wenzao waliwaambia waoge.

Mtu aliyekuwa nadhifu akiacha ghafla kuoga, kubadili nguo na kuchana nywele, msiandae kikao cha kumkaripia. Hiyo huweza kuwa sonona, na kwa mzee huweza kuwa kupoteza kumbukumbu. Muulizeni analala vipi, anakula vipi, kisha mfuatane naye kituoni.

Hodi ni ya watoto pia

Bafu liwe na komeo kwa ndani. Pasipo na mlango, pazia zito na hodi kabla ya kusogea. Mtoto wa miaka 6 anaweza kufundishwa kujiogesha huku mzazi akiwa karibu, na akisema hataki kuogeshwa na mtu fulani, mzazi asimlazimishe na amuulize kwa upole kwa nini. Wavulana na wasichana wanaokaribia balehe walale mbalimbali. Chumba kikiwa kimoja, kanga iliyotundikwa kati ya vitanda ni bora kuliko kukosa chochote. Simu yenye kamera isiingie bafuni wakati wengine wanaoga. Mtoto anayeguswa au kuchunguliwa anaweza kusaidiwa kwa kupiga namba 116, bila malipo, hapa Tanzania.

Binti aliye hedhini apewe sehemu ya kamba ya kuanikia penye jua. Akiona haya, atandaze kanga nyepesi juu ya vitambaa vyake. Kaka zake waambiwe mapema kwamba hilo si jambo la kuchekea.

Zamu ya choo

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya Watanzania kwa vikundi kuzunguka redio, na katika vijiji vingi watu walitoka hapo wakachimba vyoo pamoja. Nyumba ya wapangaji inahitaji moyo huo huo kwa kiwango kidogo: zamu iandikwe na kubandikwa mlangoni, kila chumba kiwe na wiki yake, wanaume wakiwemo. Klorini ya kusafishia isichanganywe na asidi ya choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu. Nje ya choo pawe na kibuyu chirizi na sabuni, na mikono isuguliwe kwa sekunde 20.

Leo jioni hesabuni miswaki na misumari ya mataulo bafuni, kisha hesabuni watu wanaolala humo ndani. Vikipungua, nunueni kwanza vya yule anayeona haya kuomba. Mara nyingi ni dada wa kazi, au mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma.