WENZO AU SWICHI? Somo la Pikapu ya Foo-wili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kupotea njia ndiko kujua njia. Mwaka huu nimepotea njia, tena kwenye matope, na ndipo nikajua jambo ambalo sikulipata katika kitabu chochote cha Fizikia. Naomba unisikilize nikueleze.

MKASA WENYEWE

Kwetu ni Kinangop, upande wa Njabini. Wanaokujua huko wanafahamu kwamba mwezi wa Aprili udongo wetu hugeuka ugali. Usiku mmoja wakati wa likizo, nyanya alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Baba akaitoa pikapu yake mbio mbio, tukamlaza nyanya kiti cha nyuma, nami nikaketi mbele nikiwa na tochi mkononi.

Pikapu ya baba ni ya kisasa. Haina ule mkono mfupi wa gia wa kuingizia foo-wili, bali ina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi. Tulipofika bondeni, magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza. Baba akazungusha swichi kutoka 2H hadi 4H, taa ya kijani ikawaka, naye akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Lo! Badala ya kutoka, gari lilizidi kujichimbia kaburi. Nyanya alikuwa akilia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, twende. Mwanangu, twende."

Kwa bahati njema, mzee jirani mmoja alisikia ngurumo akaja na pikapu yake kuukuu, ya wenzo. Nikasema moyoni, "Hapa sasa tumeokoka. Chuma cha zamani ndicho chuma!" Ole wangu! Mzee alivuta ule wenzo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini haukusogea hata ukucha. Hakuwa ameutumia kwa zaidi ya mwaka. Sasa tukawa na magari mawili ya foo-wili, na hakuna hata moja lenye foo-wili.

Aliyetuokoa alikuwa fundi wa gari wa pale kituoni, aliyefika kwa miguu na jembe begani. Hakugusa kitu. Alimuuliza baba swali moja tu:

"Mzee, hiyo taa inawaka ama inapepesa?"

Baba akatazama. "Inapepesa."

"Basi bado haijaingia. Toa mguu kwa mafuta. Acha magurudumu yasimame kabisa. Nyoosha usukani. Rudisha swichi kwa 2H, halafu ujaribu tena."

Baba akafanya hivyo. Taa ikapepesa kidogo, kisha ikatulia tuli. Fundi akachimba mbele ya magurudumu, tukatia mawe, na gari likatoka polepole kama kobe. Nyanya alifika hospitalini kabla ya alfajiri akafanyiwa upasuaji. Leo yuko nyumbani anapalilia viazi. Hata hivyo, siku zote nitakumbuka kwamba nusura tumpoteze kwa sababu ya taa ndogo ambayo hakuna aliyejua kuisoma.

Likizo iliyobaki niliimaliza kwa yule fundi, nikishika spana na kuuliza maswali. Haya ndiyo niliyojifunza.

NGUVU HUGAWANYWAJE?

Katika pikapu nyingi, injini husukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Hiyo ndiyo 2H. Nyuma ya gia boksi kuna kisanduku kingine ambacho mafundi hukiita transfa. Kazi yake ni kuipeleka nguvu mbele pia, kupitia propela ya pili hadi difu ya mbele. Hapo magurudumu yote manne huvuta, nayo ndiyo 4H. Ukitaka nguvu nyingi na mwendo wa taratibu, kuna 4L. Humo transfa hupunguza mwendo kwa takriban mara 2.5 katika pikapu nyingi, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ni kama baiskeli yenye gia: unakanyaga pedali mara nyingi, unakwenda polepole, lakini mlima unaupanda.

Ndani ya transfa kuna pete ya chuma yenye meno. Uma mdogo huisukuma ile pete mpaka meno yake yashikane na meno ya upande wa mbele. Yakishikana, foo-wili imeingia. Wenzo na swichi hazina tofauti hapo ndani. Tofauti iko katika swali moja: ni nani anayeusukuma ule uma?

WENZO

Kwa pikapu ya wenzo, anayesukuma ni wewe mwenyewe. Mkono wako unavuta wenzo, wenzo unasukuma rodi, rodi inasukuma uma. Land Cruiser pikapu, ambayo tunaiona sana ikibeba askari na wagonjwa huko kaskazini mwa Kenya, inajulikana kwa wenzo wa namna hii. Baadhi ya magari ya aina hii huwa pia na habu za mkono katika magurudumu ya mbele. Itakubidi ushuke matopeni uzifunge kwanza, ama sivyo utavuta wenzo bure.

Uzuri wa wenzo ni kwamba unazungumza na mkono. Meno yakishikana unayasikia, yakikataa unasikia. Hauhitaji waya wala fyuzi, na fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza chini ya mti. Ubaya wake ni kwamba unamtii hata mjinga. Ukilazimisha 4L gari likiwa mbioni, utasikia meno yakisagana kama mawe ya kinu. Tena usipoutumia, rodi hushika kutu, na siku ya shida hausogei. Muulize mzee jirani.

SWICHI

Kwa pikapu ya swichi, wewe unaomba tu. Ombi lako huenda kwa kompyuta ndogo, nayo hukagua kwanza: gari linakwenda kasi gani? Gia iko wapi? Ikiridhika, inaamuru mota ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye transfa izunguke na kuusukuma uma. Kisha kihisi kinarudisha jibu, na taa ya dashibodi inatulia. Hilux iliyoanza kuuzwa mwaka 2015 ilikuja na swichi ya namna hii, na Isuzu D-Max nazo zimekuwa nayo kwa miaka mingi.

Uzuri wa swichi ni wepesi, na kwamba inakataa makosa. Ukiomba 4L ukiwa mbioni, kompyuta haikubali, na transfa yako inapona. Ubaya ni kwamba vitu vya kuharibika ni vingi: maji yakiingia katika plagi ya mota, panya akitafuna waya, betri ikidhoofika, fyuzi ikiungua, basi umekwama. Wenzo ulioshika kutu unaweza kupigwa mafuta na kubembelezwa. Waya uliokatika humtaka mtu mwenye vipimo vya umeme.

Lakini jambo kubwa ni hili: swichi haizungumzi na mkono, inazungumza na jicho. Taa ikipepesa, inasema, "Ngoja, bado." Ikitulia, inasema, "Tayari." Baba aliingiza foo-wili wakati magurudumu ya nyuma yalikuwa yanazunguka kama pia na ya mbele yamesimama. Meno hayawezi kushikana hivyo. Angekuwa na wenzo, mkono wake ungalihisi yakikataa. Alikuwa na swichi, na jicho lake lilikuwa njiani.

MAMBO YANAYOFANANA

Yako mambo ambayo ni sheria kwa wote wawili:

1. Ingiza foo-wili kabla ya matope, si baada ya kukwama. 4H huweza kuingizwa gari likitembea, usukani ukiwa umenyooka. Kikomo cha mwendo kimeandikwa katika kitabu cha gari, na katika pikapu nyingi ni km 80 au km 100 kwa saa. Lakini mwendo wa polepole ni salama zaidi.

2. Kwa 4L, fuata kitabu cha gari. Kawaida ni kusimamisha gari kwanza na kukanyaga klachi. Kama ni la otomatiki, weka N.

3. Usitumie foo-wili ya namna hii kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele huenda safari ndefu kuliko ya nyuma, na transfa imeyafunga yaende sawa. Kwenye matope huteleza kidogo, shida ikaisha. Kwenye lami hayatelezi, vyuma hujikaza. Ukitaka kurudi 2H, wenzo unagoma au taa inapepesa tu. Dawa ni moja: rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani.

4. Itumie kila mwezi, hata kama hakuna mvua. Vitabu vya Toyota hushauri mwendo wa km 16 hivi kwa mwezi ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Chagua barabara ya mchanga au murram. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UAMUZI WANGU

Shuleni tulifanya mjadala juu ya jambo hili, nami nikapewa upande wa wenzo. Nilijaribu kutetea, lakini kusema kweli moyo wangu haukuwa pale. Kama ningekuwa naenda mbali na fundi yeyote, ningechagua wenzo. Kama dereva ni mgeni wa matope, ningempa swichi, maana itamzuia kuvunja transfa. Lakini usiku ule bondeni, gari la wenzo na la swichi yote mawili yalishindwa, na kilichotutoa ni mtu aliyejua kuuliza swali. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukipanda pikapu ya nyumbani, usiulize ni ya bei gani. Uliza: foo-wili yake mara ya mwisho iliingizwa lini, na ikiingia, nitajuaje?

Kalamu naiweka chini hapa. Tuonane mwakani, Mungu akipenda.

MSAMIATI

Difu – chuma kilicho katikati ya magurudumu mawili, kinachoyaruhusu kuzunguka kwa mwendo tofauti.
Habu – sehemu ya katikati ya gurudumu.
Kihisi – kifaa kinachotambua hali na kupeleka habari.
Transfa – kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma.
Wenzo – mkono wa kusukumia au kuinulia kitu.

ZOEZI

1. Eleza kwa nini magari yote mawili yalishindwa usiku ule.
2. "Wenzo unazungumza na mkono, swichi inazungumza na jicho." Fafanua kauli hii.
3. Kwa nini haifai kutumia foo-wili ya namna hii kwenye lami kavu?
4. Tunga sentensi mbili ukitumia methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta", moja ihusu gari na nyingine ihusu masomo.