SOMO LA ROBO HII: Uzuri wa Majengo Yetu, Tunajifunza Nini Kutoka Kilwa?



Maombi mengi ya ujenzi tunayopokea kutoka pwani ya Lindi yana mchoro unaofanana: kuta za matofali ya saruji, madirisha madogo ya vioo, paa la bati lisilo na dari. Jengo likikamilika tunapiga picha, tunashukuru na kuagana. Lakini saa nane mchana, mwezi wa Februari, watoto hutolewa darasani wakasomee chini ya mwembe. Je, tulijenga vizuri? Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba uzuri na manufaa ya jengo havitengani, na kwamba mwalimu wetu yuko karibu.

Mji uliojengwa kwa vitu vya hapa

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na kuusifu mji huo kwa uzuri wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ulipanuliwa karne ya 14 kwa nguzo, matao na kuba. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilikuwa na bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari.

Vifaa vyake vingi vilitoka hapa hapa. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene kama nusu mita. Chokaa ilipatikana kwa kupanga mawe hayo juu ya rundo la kuni na kuyachoma, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yaive. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba, kiasi cha mita tatu tu. Ukuta mnene ulizuia joto. Ua wa ndani ulileta hewa. Vidaka vya ukutani viliweka vyombo. Baraza ya mlangoni ilimpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Kila pambo lilikuwa na kazi yake.

Kosa letu wenyewe

Miaka iliyopita tulisaidia kukarabati jengo moja la zamani la mawe na chokaa. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha, na chokaa haina haraka. Tukaamua kupiga lipu ya saruji. Lilipendeza sana siku ya uzinduzi. Baada ya misimu michache ya mvua lipu ilianza kubanduka vipande vipande, na mawe ya nyuma yake yalikuwa yanamomonyoka.

Sababu ni hii: ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka nje kupitia lipu ya chokaa. Saruji ni ngumu na huufungia unyevu huo ndani pamoja na chumvi ya bahari, nayo chumvi inapokauka na kuwa fuwele hulipasua jiwe. Fedha za watu zilipotea, na kazi ikabidi irudiwe. Mzee mmoja fundi mwashi alikuwa ametuonya. Hatukumsikiliza kwa sababu hakuwa na cheti.

Kazi iliyofanyika Kilwa

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani kuta zilikuwa zinaanguka na mawimbi yanakula ufukwe. Serikali ilifanya kazi na wafadhili kutoka nje, na mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kuta zilirudishiwa chokaa, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi, wanavijiji wakashiriki kupitia kamati zao za magofu. Ujuzi uliokuwa unakufa ukapata mikono mipya.

Unguja tunaona pande zote mbili. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa, lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2016. Lakini Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tusidanganyike

Hatusemi turudi kuchoma matumbawe yaliyo hai baharini; huko ni kuua mazalia ya samaki. Wala tusikate mikoko ovyo. Hatuwadharau pia wanaopenda bati: haliliki na mchwa, na hukinga maji ya mvua. Aidha, kubandika tao la saruji mlangoni si kufufua asili. Ni kuivalia kinyago.

Tunachopendekeza ni hiki:

1. Jengo la zamani la chokaa litengenezwe kwa chokaa, si saruji.
2. Jengo jipya la bati liwe na dari, varanda pana, na madirisha makubwa yanayokabiliana ili upepo upite.
3. Baraza ya kukalia iwemo katika mchoro tangu mwanzo.
4. Kila mradi uwe na vijana wawili au watatu wanaojifunza kwa fundi mzee, na posho yao iandikwe katika bajeti.
5. Wafadhili wakubali ratiba inayoipa chokaa muda wa kuiva na kukauka.

Pendekezo la tano ni gumu, tunajua. Lakini ni nafuu kuchelewa miezi sita kuliko kujenga mara mbili.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Katika parokia yetu, ni jengo gani watu hupenda kukaa ndani yake? Kwa nini?
- Nani bado anajua kuchoma na kuandaa chokaa? Ana umri gani? Nani anajifunza kwake?
- Mchoro wa jengo letu lijalo umechorwa na nani, na je, aliwahi kukaa hapa mwezi wa Februari?

Tuandikieni majibu yenu kabla ya toleo lijalo. Na tafadhali, mkimpata yule fundi mzee, msimwulize cheti kwanza.