Unasihi kwa Mfanyakazi wa Utalii Anaporudi Nyumbani: Somo kwa Zahanati za Vijijini

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kijana wa miaka 28, mzaliwa wa Nkowe wilayani Ruangwa, ni mhudumu wa chakula katika kambi ya watalii ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwezi Aprili anafika zahanati akilalamika kichwa kuuma, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Anapewa dawa ya maumivu, anaondoka. Baada ya wiki moja amerudi, ameketi kwenye benchi lilelile. Ni jambo gani halikuulizwa?

Kwa nini Aprili?

Masika yanapokolea, njia za hifadhini hazipitiki, na kambi nyingi hufungwa hadi mwishoni mwa Mei. Hoteli za Unguja nazo hupunguza wahudumu. Wenye mikataba ya msimu hurejea makwao bila mshahara. Korosho, zao linalotegemewa kwa fedha huku kusini, huuzwa kuanzia Oktoba. Hivyo kijana hurudi wakati ambao nyumbani nako hakuna kitu, ilhali ndugu wanaamini kwamba aliyekuwa akihudumia wageni wa ng'ambo hawezi kurudi mikono mitupu.

Kazi yenyewe pia ina mzigo wake. Mwaka 1983, mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alieleza jinsi wahudumu wa ndege wanavyolazimika kutawala hisia zao ili abiria aridhike. Ndivyo ilivyo kwa mhudumu wa hoteli: hutakiwa kutabasamu hata siku aliyopokea habari ya msiba. Muongoza watalii na mlinzi wa kambi huongezewa hofu ya wanyama wakali, kukesha, na miezi mingi mbali na mwenza na watoto. Pombe inayonywewa ili kuleta usingizi hugeuka kuwa tatizo la pili.

Namna ya kuuliza

Wagonjwa wengi hawasemi, "Nina sonona." Husema, "Nina mawazo." Neno hilo lipokelewe kama dalili kamili. Mazungumzo yaanze kwa heshima ya kawaida, mahali pasiposikika na walio kwenye foleni:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Kazini umeondoka vipi?"

Kisha yaulizwe maswali mawili: Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akikubali mojawapo, uchunguzi uendelee, na aulizwe waziwazi kama amewaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo la kufa. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Aulizwe pia kuhusu pombe. Ahakikishiwe kwamba mwajiri wake hataambiwa lolote bila ridhaa yake.

Unasihi unaowezekana

Harare, Zimbabwe, wanawake wa makamo waliofundishwa kazi hii huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Huko nako watu husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Zanzibar pia.

Hatua zake zinaweza kufuatwa na mtoa huduma aliyefundishwa. Mgonjwa ataje matatizo yake yote, kisha achague moja. Ataje mwenyewe njia za kulikabili, achague inayowezekana, na apange atakachofanya kabla ya wiki ijayo. Kijana wetu anaweza kuchagua deni, na hatua yake ya kwanza ikawa kumweleza baba yake ukweli wa mkataba wake. Akirudi, tuanze kwa kuuliza ilikuwaje.

Aliyeshuhudia mtu akijeruhiwa na mnyama asilazimishwe kusimulia. Shirika la Afya Duniani linashauri kuangalia mahitaji yake, kumsikiliza na kumuunganisha na watu wake. Halipendekezi dawa za usingizi za kundi la diazepamu kwa mshtuko wa mwezi wa kwanza.

Rufaa

Mgonjwa mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine, asiyekula, au anayetetemeka na kuchanganyikiwa baada ya kuacha pombe, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akisindikizwa. Asiachwe peke yake.

Kwako wewe uliyerudi kutoka kambini au hotelini: kufungwa kwa msimu si kosa lako, na kukosa usingizi kwa wiki mbili ni sababu tosha ya kufika zahanati. Ukifika, usitaje kichwa peke yake. Sema pia, "Nina mawazo."